Mteja wa Seva Pepe na Mipaka ya Ahadi Anayoilipia

Seva pepe ni fungu la kompyuta kubwa lililotengwa kwa njia ya programu, likapewa kumbukumbu yake, nafasi yake ya diski, anwani yake ya intaneti na mfumo endeshi wake, hata anayelitumia kutoka mbali huliona kuwa mashine kamili iliyo chini ya mamlaka yake peke yake. Programu inayogawa mafungu hayo huitwa haipavaiza, na asili ya fikra yake ni kompyuta kubwa za IBM za miaka ya 1960, ingawa iliwafikia watumiaji wa kawaida baada ya kutolewa kwa Xen, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Cambridge, mwaka 2003, na kuingizwa kwa nyingine, KVM, katika mfumo endeshi wa Linux mwaka 2007. Ni kwa uvumbuzi huo ambapo duka au shule ya Dar es Salaam au Mombasa huweza leo kupanga seva iliyoko Ujerumani au Afrika Kusini kwa ada ya mwezi, bila kununua mashine wala kujenga chumba cha kuitunza. Hata hivyo, mteja huyo halipii mashine; hulipia fungu la mashine pamoja na ahadi, na yatakayompata siku ya shida hutegemea sana jinsi alivyoipima ahadi hiyo mapema.

Jambo la kwanza la kupimwa ni ukubwa halisi wa fungu lenyewe. Kwa kuwa wateja wengi hawatumii nguvu zote walizolipia kwa wakati mmoja, watoa huduma wengi huuza uwezo mkubwa zaidi wa prosesa, yaani sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu zote, kuliko ule uliomo ndani ya mashine. Utaratibu huu si udanganyifu ukifanywa kwa kiasi, lakini ukizidi, seva ya mteja huzorota kila majirani zake wanapopata kazi nyingi, ilhali yeye haoni kosa lolote katika programu zake. Linux humpa njia ya kuutambua upungufu huo: amri iitwayo top huonyesha, kwa herufi st, asilimia ya muda ambao seva yake ilikuwa na kazi ya kufanya ikalazimika kusubiri kwa sababu prosesa ilikuwa ikiwahudumia wengine. Kiasi hicho kikiwa kikubwa kwa siku nyingi mfululizo, mteja huwa na ushahidi wa vipimo wa kumpelekea mtoa huduma, nao una nguvu kuliko malalamiko matupu kwamba tovuti ni nzito.

Uzito wa tovuti huweza pia kusababishwa na umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, na kwa kuwa Dar es Salaam na Frankfurt zimeachana kwa karibu kilomita 7,000, ombi moja na jibu lake haliwezi kuchukua chini ya milisekunde 70, hata kama njia ingenyooka, nayo hainyooki. Umbali huo huongeza pia hatari ya njia kukatika: mwezi Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu kwa pamoja, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Katika hali kama hiyo seva iliyoko Ulaya huendelea kufanya kazi bila kasoro, na kwa kawaida mtoa huduma hahesabiwi kuwa amevunja mkataba, ingawa wasomaji au wanunuzi wa mteja hawaifikii.

Ndiyo maana mkataba wa kiwango cha huduma, yaani hati inayotaja muda ambao seva itapatikana na fidia itakayotolewa ikikosekana, unastahili kusomwa kwa hesabu. Asilimia 99.9 huonekana kuwa karibu na ukamilifu, lakini katika mwezi wa siku 30 huruhusu kukatika kwa takribani dakika 43. Asilimia 99 huruhusu zaidi ya saa saba, na asilimia 99.99 dakika nne na ushei. Fidia nayo, katika mikataba mingi, ni punguzo la ada ya mwezi, wala si malipo ya hasara ya biashara iliyosimama.

Pengo kati ya ada na hasara lilidhihirika Strasbourg, Ufaransa, usiku wa tarehe 10 Machi 2021, moto ulipoteketeza jengo la SBG2 la kampuni ya OVHcloud na kuharibu sehemu ya jengo jirani. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini tovuti nyingi zilizimika, na mwanzilishi wa kampuni, Octave Klaba, aliwataka wateja watekeleze mipango yao ya kujinusuru na maafa. Waliokuwa na nakala za akiba mahali pengine walirejea kazini. Wengine, wakiwemo waliodhani kuwa nakala hutunzwa moja kwa moja na mtoa huduma, walipoteza data zao kabisa. Mteja mmoja aliyekuwa amelipia nyongeza ya nakala za akiba alikuta kwamba zilihifadhiwa palepale palipoungua, akafungua shauri, na mwezi Januari 2023 mahakama ya biashara ya Lille, katika hatua ya kwanza, ikampa ushindi kwa hoja kwamba mkataba uliahidi nakala zilizotengwa na seva yenyewe. Ushindi wa namna hiyo hulipa fedha. Haurudishi kumbukumbu za wanunuzi wala hesabu za miaka iliyopita.

Funzo kwa mteja wa Afrika Mashariki ni kwamba kuna kazi ambayo hakuna ada inayoiondoa mikononi mwake. Katika huduma isiyosimamiwa, ambayo ndiyo ya bei nafuu zaidi, mtoa huduma hutunza mashine, umeme na mtandao tu, huku masasisho ya usalama, nywila na nakala za akiba vikiwa juu ya mteja. Na hata katika huduma inayosimamiwa, ni lazima aulize nakala zinakaa jengo gani na mji gani. Nakala moja na iwekwe kwa mtoa huduma mwingine kabisa, na kila baada ya muda irejeshwe katika seva ya majaribio ili ithibitike kuwa inafunguka, kwa maana nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni dhana tu, na siku ya maafa si siku ya kuijaribu kwa mara ya kwanza.