Diski Moja, Kompyuta Nyingi

Diski ya nje ni chombo cha kuhifadhia kumbukumbu za kompyuta ambacho hakimo ndani ya mashine yenyewe, bali huunganishwa nayo kwa waya. Kwa kuwa huchukulika, mtu aweza kuijaza ofisini, akaisoma nyumbani, na kesho yake akaipeleka kwa mpigachapa. Hata hivyo, hutokea mara nyingi kwamba diski inayosomeka vizuri katika kompyuta moja hukataliwa na nyingine. Baadhi ya mashine zinazoikataa hutoa tangazo kwenye kioo kwamba diski hiyo haina budi kufomatiwa kabla ya kutumiwa. Anayelikubali shauri hilo aweza kupoteza kazi ya miaka mingi kwa kubofya mara moja. Makala haya yanakusudia kueleza sababu za jambo hilo na namna ya kuliepuka.

Leja ya diski

Diski ngumu ya kwanza kuuzwa ilitengenezwa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na visahani 50, kila kimoja chenye kipenyo cha inchi 24, nayo iliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Leo diski inayoenea kiganjani huhifadhi terabaiti moja, yaani baiti 1,000,000,000,000. Baadhi ya diski hutumia visahani vya sumaku vinavyozunguka. Nyingine hazina kinachozunguka, bali hutunza habari kwa chaji za umeme. Kwa jambo tunalolizungumzia hapa, aina zote mbili ni sawa.

Diski haijui barua wala picha. Inachotunza ni alama za namna mbili tu, sifuri na moja. Basi kompyuta hujuaje barua fulani imeanzia wapi na kuishia wapi? Tuchukue mfano wa bohari. Mtunza bohari hawezi kuupata mzigo anaoutaka pasipo leja inayoonyesha kila kitu kimewekwa wapi. Diski nayo ina leja yake, ambamo huandikwa jina la kila faili, ukubwa wake na mahali vilipo vipande vyake. Utaratibu wa kuandika leja hiyo huitwa mfumo wa mafaili.

Tatizo ni kwamba watengenezaji hawakufuata utaratibu mmoja. Kampuni ya Microsoft ilitoa mfumo wa NTFS mwaka 1993, nao ndio unaotumika zaidi katika kompyuta za Windows. Kampuni ya Apple ilitumia HFS+ tangu mwaka 1998, kisha ikaleta APFS katika kompyuta zake za Mac mwaka 2017. Watumiaji wa Linux wengi wana ext4. Windows peke yake, bila programu ya nyongeza, haisomi APFS wala ext4. Mac husoma diski ya NTFS, lakini kwa kawaida haiwezi kuandika humo.

Maana ya kufomati

Tufikiri kwamba leja ya bohari imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama Kiswahili kilivyoandikwa kwa karne nyingi, na mtunza bohari mpya anajua herufi za Kirumi tu. Leja si mbovu, wala mizigo haijapotea. Aliyepungukiwa ni msomaji. Lakini akisema, “Leja hii haifai, niruhusuni nianze mpya,” naye akaruhusiwa, mizigo itabaki bohari pasipo mtu ajuaye ilipo.

Kufomati ni kuanza leja mpya, tupu. Kwa hiyo tangazo hilo likitokea, likatae, chomoa diski, uirudishe kwenye kompyuta iliyoijaza. Ikisomeka huko, diski ni nzima. Kama imekwisha kufomatiwa, usiandike chochote juu yake. Pengine fundi mwenye programu maalumu aweza kuokoa baadhi ya mafaili, ingawa si kila mara.

Lugha ya pamoja

Iko mifumo inayoeleweka karibu na kompyuta zote. Wa kwanza ni FAT32, uliotolewa mwaka 1996. Mfumo huu huandika ukubwa wa faili kwa tarakimu 32 za sifuri na moja, na kwa sababu hiyo faili moja haliwezi kuzidi baiti 4,294,967,295, yaani takriban gigabaiti 4. Ndiyo maana filamu ndefu huweza kukataliwa na diski ambayo karibu yote ni tupu.

Wa pili ni exFAT wa mwaka 2006, ambao umeondoa kikwazo hicho. Windows na Mac za miaka hii huuandika na kuusoma, na tangu mwaka 2019 umo pia katika kiini cha Linux. Lakini exFAT, tofauti na NTFS, hauweki kumbukumbu ya mabadiliko ambayo hayajakamilika. Waya ukichomolewa wakati leja inaandikwa, leja huweza kuharibika.

Mambo ya kuzingatia

1. Chagua mfumo wa mafaili wakati diski ingali tupu. Itakayotembea kati ya kompyuta za aina mbalimbali ipewe exFAT.

2. Kabla ya kuchomoa, iamuru kompyuta iiachie diski, kwa maana mara nyingine huchelewesha kuandika hata baada ya kuonyesha kwamba imemaliza.

3. Diski ikigoma kuwaka au ikitoa mlio wa kugonga, jaribu tundu jingine na waya mfupi. Tundu la USB 2.0 hutakiwa kutoa miliampia 500, na la USB 3.0 miliampia 900. Diski nyingine hazitosheki na kiasi cha kwanza. Mlio ukiendelea, zima diski umwone fundi.

4. Usihifadhi kitu cha thamani katika diski moja tu. Takwimu za utafiti, hesabu za ushirika au picha za ukoo ziwe na nakala ya pili, tena mahali pengine, kwa kuwa hata diski inayosomwa na kompyuta zote iko siku itakufa.