Saumu na Sauti ya Mwili

Mwili ni amana, na amana haitunzwi na asiyeijua hali yake. Saumu inapoangukia msimu wa jua kali, nyumba za mabati za Galbet, mjini Garissa, huwa tanuri ifikapo alasiri. Mama mwenye kisukari, aliye jikoni akiandaa futari, hutokwa na jasho na mikono ikamtetemeka. Je, ni joto, ni njaa ya kawaida, au ni sukari iliyoshuka? Swali hili si dogo. Sukari ikishuka mno mtu huchanganyikiwa, huzimia, na aweza kufariki.

Wataalamu wamejaribu kupima namna mtu anavyozisikia ishara za mwili wake. Mwaka 1981 Rainer Schandry wa Ujerumani alieleza njia yake: mtu huketi kimya akahesabu mapigo ya moyo pasi na kujishika mkono, huku mashine ikihesabu vilevile. Moyo ukipiga mara 50 naye akahesabu 40, amepata asilimia 80. Baadaye wengine waliitia dosari njia hiyo, kwani anayejua kwamba moyo hupiga mara sabini hivi kwa dakika aweza kukisia tu.

Kwa wenye kisukari kipo kipimo chepesi zaidi. Mwaka 1994 Ann Gold na wenzake wa Edinburgh, Uskoti, walitumia swali moja: je, wewe hutambua sukari yako inapoanza kushuka? Jibu hutolewa kwa nambari, 1 ikiwa ni daima na 7 ikiwa ni kamwe. Anayejitia kwenye 4 au zaidi huhesabiwa kuwa hisia zake zimefifia. Hali hii huwapata hasa waliotumia insulini kwa miaka mingi na ambao sukari yao imewashuka mara kwa mara, kwa kuwa mwili huzoea na huacha kupiga mbiu.

Basi tujiulize swali hilo kabla ya Ramadhani, na jibu tulipeleke kwa daktari mwezi mmoja au miwili mapema. Katika joto la Galbet kila mtu hutoka jasho, hivyo jasho peke yake si shahidi wa kutosha. Tupime kwa tone la damu. Maulamaa wengi wanasema kujidunga kidole hakubatilishi saumu. Kipimo kikionyesha chini ya 3.9, tufungue papo hapo, hata kama imebaki robo saa adhana ya magharibi isikike. Aya ya 185 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na kuipokea rehema si udhaifu wa imani.

Nanyi waume na watoto, mkimwona mama amenyamaza ghafla au maneno yake hayaeleweki, msingoje aseme mwenyewe. Huenda mwili wake umeacha kumwambia. Mwenyezi Mungu atujaalie siha na atutakabalie saumu zetu. Amin.