Mashimo mawili na kete: mashine inayoweza hesabu zote

Je, wajua kwamba mashimo mawili ardhini, pamoja na kete zisizokwisha, yanatosha kufanya hesabu yoyote inayofanywa na kompyuta?

Tuyachimbe Buzebazeba, hapa Kigoma, ambapo shimo na kete havihitaji utambulisho kwa mcheza bao. Mashine yetu inajua vitendo viwili tu: kutia kete moja shimoni, au kutoa moja. Ikitaka kutoa na kukuta shimo ni tupu, inarukia amri nyingine katika orodha iliyopangwa tangu mwanzo. Kujumlisha ni kutoa moja huku na kutia moja kule, mpaka huku kuishe. Kwa kila moja unayotoa ukitia mbili, umezidisha kwa mbili.

Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alieleza mashine ya utepe mrefu usio na mwisho, iwezayo kuiga mashine nyingine yoyote ya hesabu. Mwaka 1961 wanahisabati Melzak na Lambek walionyesha kwamba utepe si lazima; Melzak aliwaza kokoto zikiingia na kutoka mashimoni. Mwaka huohuo Mmarekani Marvin Minsky alithibitisha kuwa mashimo mawili yanatosha.

Alithibitishaje? Hakuna awezaye kujaribu hesabu zote moja moja. Inatosha kuonyesha kwamba mashine yako inaweza kuiga ile ambayo uwezo wake umeshajulikana. Utepe wa Turing unageuzwa namba, namba zinawekwa katika mashimo machache, kisha mashimo hayo yanabanwa yawe mawili. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayonivutia kuliko zote.

Tuseme una mashimo matatu yenye kete 3, 1 na 2. Zidisha 2 × 2 × 2 × 3 × 5 × 5, upate 600. Weka kete 600 katika shimo moja, na habari zote tatu zimo humo. Kuongeza kete moja katika shimo la kwanza ni kuzidisha kwa 2: zinakuwa 1,200. Kutoa moja katika la tatu ni kugawanya 600 kwa 5: zinabaki 120. Kujua kama la pili ni tupu, angalia kama idadi inagawanyika kwa 3. Shimo la pili la mashine ni la kufanyia kazi hizo. Hakuna kinachochanganyika, kwa sababu kila namba ina njia moja tu ya kuvunjwa kuwa namba tasa.

Gharama yake ni kubwa mno. Mashimo matatu yenye kete 10 kila moja yanadai kete 590,490,000,000,000 katika shimo moja. Lakini swali lilikuwa nini kinawezekana, wala si kwa muda gani, na msako wa mashine ndogo zaidi uliendelea. Mwaka 2007 Alex Smith, mwanafunzi wa miaka 20 huko Birmingham, alitunukiwa dola 25,000 kwa uthibitisho kuhusu mashine ya Turing yenye hali mbili na rangi tatu tu.

Bao lenyewe halifikii uwezo huo, kwa kuwa kete zake ni 64 na mashimo 32. Hata hivyo, watafiti wameonyesha kwamba katika bao kuna zamu isiyolala kamwe: kete zinazunguka bila kukoma. Zamu hiyo inaweza kugunduliwa. Mipangilio ya kete 64 ina kikomo, hivyo uleule utarudi, na ukirudi umejua. Katika mashimo yetu mawili kete hazina kikomo, na mpangilio unaweza usijirudie milele. Kazi ya Minsky ilionyesha kwamba hakuna kanuni moja, wala haitapatikana, ya kusoma amri za kila mashine ya namna hii na kutabiri kama italala.