Ala za Kulitazama Jua kwa Usalama

Kiswahili husema kwamba jua limepatwa. Kauli hiyo ya kutendwa hulichukulia jua kuwa ndilo lililofikwa na msiba, ilhali mtazamaji asiye na ala ifaayo ndiye aghalabu anayepatwa. Retina, utando wa nyuma ya jicho, haina neva za maumivu. Kwa hivyo, mtu huweza kuunguzwa asihisi lolote, na baada ya saa kadhaa akaona doa katikati ya kila anachokitazama. Makala haya yanafafanua ala tatu za kumkinga.

Ala ya kwanza ni miwani maalum iliyotengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2. Miwani hiyo hupitisha chini ya sehemu 1 ya mwanga kati ya sehemu 30,000. Miwani ya kawaida ya jua, filamu za eksirei na vioo vilivyofukizwa moshi havitoi kinga hiyo. Hali kadhalika, ile desturi ya kulitazama jua katika beseni la maji ni ya hatari, kwani maji huakisi takriban sehemu 2 kati ya 100, kiasi kinachozidi mno uwezo wa jicho.

Ala ya pili ni kitundu. Kadi iliyotobolewa kwa sindano hutupa taswira ya jua juu ya karatasi, naye mtazamaji hulipa jua kisogo. Umbali wa mita 1 hutoa taswira ya takriban milimita 9. Ibn al-Haytham, mwanachuoni mzaliwa wa Basra, aliandika risala kuhusu jambo hili katika karne ya 11. Chekeche la unga, au hata mianya baina ya majani ya mwembe, hufanya kazi iyo hiyo.

Ala ya tatu ni darubini. Kichujio chake sharti kiwekwe mbele, mwanga unakoingilia. Kikiwekwa penye jicho, joto lililokusanywa na lenzi huweza kukipasua.

Tarehe 3 Novemba 2013, kivuli cha mwezi kilipita eneo la Ziwa Turkana. Tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa kikamilifu nchini Misri na Saudi Arabia, na kwa sehemu nchini Kenya. Kwa kuwa Kenya haitafikwa na giza kamili, hakutakuwa na hata dakika moja ya kulitazama jua kwa macho matupu. Asiye na miwani na atoboe kadi.