Mama aliponyimwa viza, karatasi za mpakani zilimtetea

KUNYIMWA viza kunauma, lakini mzazi akinyimwa kunauma zaidi. Kijana akikataliwa husonya, akatafuta njia nyingine. Mzazi hukaa na barua mkononi akauliza, "Kwani watu hawa nimewakosea nini?"

Ndivyo alivyouliza mama yangu huko Mbale mnamo Septemba 2023, ombi lake la kwenda Uingereza kumtembelea dada yangu lilipokataliwa. Dada anaishi Leicester. Hawakuwa wameonana tangu 2012. Baba alipofariki mwaka 2021, dada hakuweza kuja mazishini, na sasa alikuwa akitarajia mtoto wake wa kwanza.

Mimi nilirejea kutoka Uingereza mwaka 2016 na ninauza vipuri vya magari mjini Jinja. Majirani huamini kwamba aliyewahi kuishi ng'ambo anajua siri za viza. Siri hakuna. Kuna barua ya kukataliwa, na kila kinachotakiwa katika ombi la pili kimeandikwa humo.

Ombi la kwanza lilijazwa na dalali mmoja wa Kampala ambaye dada alitajiwa na rafiki. Dalali aliagiza akaunti ya mama "inenepeshwe". Akaunti ambayo kwa miezi mitano haikuzidi shilingi 400,000 ikapokea milioni 15 kwa siku moja. Kazi ya mama ikaandikwa "mfanyabiashara", bila kiambatisho chochote. Muda wa safari ukaandikwa miezi sita, ambao ndio upeo wa viza ya kawaida ya mgeni, na sababu ikaandikwa "kulea mtoto".

Afisa aliyesoma fomu hiyo hamjui mama. Barua yake ilitaja mambo matatu: fedha hazijulikani zilikotoka, kazi haina ushahidi, na hakuna kinachoonyesha kwamba mwombaji atarudi kwao.

Zamani aliyenyimwa viza ya kutembelea jamaa zake Uingereza aliweza kukata rufaa. Haki hiyo iliondolewa tarehe 25 Juni 2013, na tangu hapo njia ya wengi ni kuomba upya. Hakuna muda wa kungoja uliowekwa. Mtu anaweza kuomba hata kesho yake. Lakini ada hairudishwi. Mara ya kwanza tulilipa pauni 100. Oktoba 2023 ada ikapandishwa hadi pauni 115, na Aprili 2025 ikafika 127. Anayeomba kesho yake kwa karatasi zile zile ananunua jibu lile lile kwa bei mpya.

Marekani nako mzigo uko kwa mwombaji. Kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952 humchukulia anayeomba viza ya matembezi kuwa anataka kuhamia, mpaka yeye mwenyewe aonyeshe kwamba sivyo.

Mama hakutaka kusikia habari ya kuomba tena. "Tangu niolewe sijaitwa mwongo," alisema, "seuze na mtu asiyenijua." Nilimsomea barua upya, sentensi moja moja. Nikamwambia, "Mama, hawakusema wewe ni mwongo. Wamesema hawakukuona humu ndani." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi na wanione."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na hapa ndipo ninapotaka wenzangu wa Busia na Malaba wanisikilize.

Mama hununua maharagwe na vitunguu kwa wakulima wa miteremko ya Mlima Elgon, akavipeleka Malaba upande wa Kenya. Fedha zake hazilali benki. Leo ni noti, kesho ni magunia. Tena pasipoti yake ilikuwa tupu, kwa sababu tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kwa anayemtazama kutoka mbali, huyu ni mama asiye na kazi wala safari. Kumbe huvuka mpaka kila wiki.

Ushahidi ulikuwepo, ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, ambazo zimo katika orodha iliyokubaliwa na hazizidi thamani ya dola 2,000, hupewa cheti chepesi cha uasili pale pale mpakani. Wengi wetu hukitupa mara tu gari linapovuka. Mama, ambaye hatupi kitu, alikuwa navyo vya karibu miaka miwili, vikiwa na tarehe, bidhaa na thamani.

Tulivipanga kwa miezi. Tukaongeza risiti za ushuru wa soko, leseni ya biashara, kitabu cha chama cha akiba na mikopo, na taarifa ya pesa za simu ya miezi sita iliyopigwa muhuri. Kisha mama akaandika barua ya ukurasa mmoja akieleza ananunua wapi, anauza wapi, na hubakiwa na kiasi gani. Kilichosemwa katika barua kilikuwa na karatasi yake nyuma.

Kuhusu fedha, hatukunenepesha akaunti. Salio la mama lilibaki dogo kama lilivyo. Dada ndiye aliyegharimia safari, kwa hiyo hati zake za mshahara, taarifa zake za benki na barua ya mwaliko ndizo zilizobeba mzigo huo. Milioni 15 zile nazo zilielezwa: nani alizituma, na zilirudishwa lini. Cheti cha kuzaliwa cha dada, chenye jina la mama, kikathibitisha undugu.

Kurudi kwake nyumbani ndiko kulikohitaji fikra zaidi. Katika Bugisu ardhi kubwa ni ya ukoo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inatambua umiliki wa kimila, lakini wengi hawana hati. Mama alikuwa na mkataba wa shamba alilonunua mwaka 1994, ulioandikwa kwa Lumasaba. Karatasi isiyo ya Kiingereza lazima iambatane na tafsiri kamili yenye jina, saini na anwani ya mfasiri, pamoja na tarehe. Tulifanya hivyo, na mwenyekiti wa LC1 akaandika barua kuthibitisha kwamba anaishi hapo na shamba ni lake.

Aidha, mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa imbalu, tohara ya Wagisu ambayo hufanyika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili na hufunguliwa Agosti pale Mutoto. Mjukuu wake alikuwa miongoni mwa waliojiandaa. Bibi hakosekani siku hiyo. Tulieleza jambo hilo kwa sentensi tatu katika barua.

Neno "kulea" nalo tuliliondoa. Mgeni haruhusiwi kufanya kazi, na bibi anayekuja kukaa na mtoto ili mama mtu aende kazini huonekana kama yaya. Kumbeba mjukuu katika ziara fupi ya kifamilia si kosa. Dada alikuwa kwenye likizo ya uzazi, kwa hiyo tuliandika ukweli: anakwenda kumwona binti na mjukuu, kwa wiki kumi.

Swali moja katika fomu huwatia watu majaribuni: je, umewahi kunyimwa viza? Jibu ni ndiyo, hata kama nchi iliyokunyima ni nyingine. Kukataliwa hakumfungii mtu mlango. Udanganyifu unaweza kumfungia kwa miaka 10.

Ombi halipelekwi mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, basi tulingoja hadi Februari 2024. Mama aliondoka Mbale saa kumi alfajiri kwa njia ya Tirinyi na Iganga, akanichukua Jinja, tukaenda Kampala kuchukuliwa alama za vidole. Jibu lilikuja ndani ya wiki tatu. Aprili akasafiri, mapema Julai akarudi, na Agosti alikuwa Mbale akipika chakula cha wageni wa imbalu.

Viza haina dhamana, na wako wanaokamilisha yote haya wakanyimwa. Lakini karatasi za mfanyabiashara hazitengenezwi kwa wiki moja. Hujikusanya safari kwa safari. Mwenye mzazi anayevuka mpaka, na mwenye mtoto ng'ambo, aanze sasa: cheti cha forodha kisitupwe, risiti ya soko isifungiwe karanga, na yeyote atakayejaza fomu aisome kwa sauti mbele ya mzazi kabla ada haijalipwa.