Mita za Kupanda: Sayansi ya Safari Ndefu ya Baiskeli Vilimani

Katika nchi ya vilima, ugumu wa safari ndefu ya baiskeli hautokani na kilomita pekee. Kinachowachosha waendeshaji zaidi ni jumla ya mita wanazopanda. Waandaaji wa mashindano hujumlisha kila mpando ulioko njiani, hata ule mfupi wa kutoka kwenye daraja la kijito, kisha huilinganisha jumla hiyo na urefu wa njia. Wastani wa mita 10 za kupanda kwa kila kilomita tayari ni njia ya vilima. Ukifika 20, miguu haioni tofauti na milima mikubwa, hata kama hakuna kilele kinachoonekana.

Eneo la Ryansoro, kusini mwa mji wa Gitega, ni la aina hiyo. Sehemu kubwa ya nyanda za kati za Burundi iko kati ya mita 1,500 na 2,000 juu ya usawa wa bahari, nayo imekatwakatwa na mabonde. Watu wanaishi kwenye miteremko, na hata ngazi ya chini kabisa ya utawala nchini huitwa kilima. Njia ikitoka kilima kimoja kwenda kingine hushuka hadi bondeni, huvuka maji, kisha hupanda upya. Mita zilizopandwa asubuhi hupotea zote kabla ya saa sita, na jioni hupandwa nyingine.

Hesabu ya nguvu inaeleza kwa nini jambo hili linaumiza. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 80, wakapanda mwinuko wa asilimia 8 kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, huhitaji takribani wati 175 kushinda uvutano wa dunia peke yake. Upepo katika mwendo huo hudai wati chache tu. Msuguano wa tairi ni mdogo kwenye lami, lakini huongezeka sana kwenye barabara ya udongo, hasa msimu wa mvua. Mzigo wa kilo 10 zaidi huongeza wati zipatazo 22, ilhali kwenye tambarare mzigo huohuo hausikiki sana. Tambarare ina faida nyingine: anayefuata nyuma ya mwenzake huepushwa na sehemu kubwa ya upepo. Kwenye mpando hakuna upepo wa kutosha wa kukingwa, kwa hiyo kundi hutawanyika na kila mmoja hubaki na uzito wake.

Wengi hudhani mteremko hulipa deni la mpando. Haulipi. Anayepanda kilomita 10 kwa mwendo wa 10 kwa saa hutumia dakika 60. Akishuka kilomita 10 kwa mwendo wa 40, hutumia dakika 15. Wastani wa safari nzima ni kilomita 16 kwa saa, si 25, kwa kuwa muda mwingi umetumika kupanda.

Gia huamua kama mpando utanyongwa au baiskeli itasukumwa kwa mkono. Baiskeli ya mashindano yenye meno 34 mbele na 34 nyuma husogea kama mita 2.1 kwa kila mzunguko wa pedali. Kwa kilomita 10 kwa saa, miguu huzunguka karibu mara 80 kwa dakika, mwendo ambao misuli huumudu kwa muda mrefu. Baiskeli ya mizigo yenye gia moja, tuseme meno 44 mbele na 18 nyuma, husogea zaidi ya mita 5 kwa mzunguko. Kwenye mpando mkali, mwendo unaposhuka zaidi, pedali zake huzunguka chini ya mara 20 kwa dakika, na kila mzunguko hutaka nguvu kubwa mno. Ndiyo maana wabeba ndizi wa Bugarama, kule milimani juu ya Bujumbura, baada ya kushusha mikungu mjini, hurudi juu wakiwa wameshika malori kwa nyuma. Ni tabia ya hatari kubwa, ingawa hesabu ya meno inaifanya ieleweke.

Kimo nacho huongeza ugumu. Kwenye mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni kama nne ya tano ya lile la pwani. Sehemu ya oksijeni hewani ni ileile, asilimia 21, ila kila pumzi hubeba kiasi kidogo zaidi. Anayetoka Mombasa au Dar es Salaam hutweta mapema. Chembe nyekundu za damu huhitaji wiki kadhaa kuongezeka.

Chakula nacho kina hesabu yake. Misuli hugeuza kuwa mwendo takribani robo tu ya nishati inayochomwa, na inayobaki hutoka kama joto. Saa moja ya wati 175 huteketeza zaidi ya kilokalori 600. Akiba ya wanga mwilini haitoshi siku nzima, kwa hiyo mpanda vilima hula njiani gramu 60 au zaidi za wanga kila saa, yaani ndizi mbivu mbili au tatu. Anayesubiri njaa imshike huwa amechelewa.

Mfano mkubwa wa haya yote ulionekana ng'ambo ya mpaka, Kigali nchini Rwanda, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Wanaume walipangiwa kilomita 267.5 zenye mita 5,475 za kupanda, wastani wa zaidi ya 20 kwa kilomita. Mlima Kigali ulipandwa mara moja tu. Kazi kubwa ilikuwa mipando mifupi ya mjini iliyorudiwa mzunguko baada ya mzunguko, mmojawapo ukiwa ule wa Kimihurura, wenye barabara ya mawe. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda. Kati ya walioanza, zaidi ya 160, waliofika mwisho ni 30 tu.

Kushuka ni mtihani wa breki. Mtu, baiskeli na mzigo vyenye kilo 150, vikishuka mita 1,200 kwenye barabara ya Bugarama hadi Bujumbura, huachia nishati inayotosha kuchemsha lita tano za maji. Sehemu yake huchukuliwa na upepo, na iliyobaki huishia kwenye breki na rimu. Rimu ikipata moto kupita kiasi, mpira wa ndani unaweza kupasuka. Kwa sababu hiyo waendeshaji wazoefu hawabani breki muda wote. Hubana kwa nguvu kabla ya kona, kisha huachia ili hewa ipoze chuma, na huacha upepo ufanye sehemu ya kazi ya kupunguza mwendo pale barabara iliponyooka.