Rudi Nyumbani Krismasi, Hata Mikono Mitupu!

Eti kaka, umekosa dhahabu huko Geita ndiyo unajificha machimboni hadi Januari, unaona noma kurudi kwa mkeo bila kitu? Acha hizo!

Kumbuka Nyangalata, wilayani Kahama, Shinyanga. Oktoba 5, 2015 wachimbaji wadogo sita walifukiwa na kifusi. Mmoja alifia humo humo. Watano walitolewa hai Novemba 15, baada ya siku 41 za kula mizizi, vyura na mende. Mende, jamani! Krismasi ilikuwa imebaki siku 40. Unadhani kuna ndugu aliyewauliza wameleta nini?

Nawe dada, akibisha hodi vumbi hadi kwenye kope, mpe kwanza maji ya kuoga. Kuku akikosekana, maharage yapo. Kanisani nendeni wote, hata na viatu vya mwaka jana, mkamshukuru Mungu kwamba mko kamili.